Udongo wa Jumatano

Kwenye fomu waliuliza: sababu ya kujiunga?
Nikaandika: Jumatano sina zamu.
Hawakuuliza zaidi. Ndiyo maana nilirudi.

Chumba kiko nyuma ya kanisa, Longton,
mji uliowahi kulisha dunia sahani,
na sasa matanuri yake yenye umbo la chupa
yanaota nyasi vichwani.
Mvua ya huku hainyeshi, inanung'unika.
Mwalimu wetu Glenys ana miaka sabini na mmoja;
arubaini kati ya hiyo alichora waridi lilelile
kwenye ukingo wa visosi vilevile,
akilipwa kwa kuhesabiwa.
Anatugawia udongo kwa waya,
kama mtu akataye sabuni ya mche.

"Upigeni mezani," akasema. "Una hewa ndani.
Hewa ikibaki, utapasukia motoni."

Hakuna aliyepiga.
Wanawake saba, mabonge saba,
na meza ya mbao ikisubiri.

Halafu Dorota akainua lake, akalibwaga —
pu!

Shabnam alikuwa keshafika mlangoni,
mkoba mkononi, koti kaliacha.
Mimi nilikuwa nimekwisha kuhesabu:
hatua ngapi hadi dirishani, ufunguo upi, mtoto yuko wapi.
Mtoto yuko shuleni.
Nyumba yenyewe sikuwa nayo tena.

Glenys hakusema pole. Aliweka birika.
Juma lililofuata alikuja na blanketi kuukuu,
akalikunja mara nne, akalitandika mezani.
Tukapiga juu ya blanketi.
Udongo ukatoa sauti ya unga wa chapati,
na mikono yangu, iliyokuwa imesahau kazi zote
isipokuwa kukinga uso,
ikakumbuka kukanda.

Kwangu, miaka tisa, tulinywea chai vikombe vya plastiki.
Wageni nikiwaambia: watoto, mnajua tena watoto.
Mtoto alikuwa mmoja
na hajawahi kuvunja kitu.

Siku moja alikuja bwana mwenye kamera,
mpole, akanyoa vizuri, akatuambia
kwamba sisi ni vyungu vilivyopasuka
vikaungwa kwa dhahabu.
Dorota akamwomba asogee, amesimama kwenye mwanga.
Sikuja hapa kuwa fumbo.
Nilikuja kutengeneza kikombe.

Cha kwanza kilipasuka.
Cha pili kilikaa kama mlevi.
Cha tatu, kimeshachomwa, kizuri,
kilimponyoka Shabnam akinipitishia,
na chumba kizima kikaacha kupumua.
Alinitazama.
Ninaujua mtazamo ule; niliuvaa asubuhi na jioni.
Nilitaka kusema neno kubwa.
Nikasema, "Ufagio uko wapi?"
Akacheka, kisha akalia,
kisha akanishikia kizoleo.

Glenys aliyachukua magae, akayatwanga
kwenye kinu — ndiyo, kinu, ila cha chuma —
akachanganya chenga zake na udongo mpya.
"Huu unavumilia moto," alisema.
"Ule laini mtupu ndio unaosumbua."
Kwetu tunamcheka mfinyanzi alaye gaeni.
Sikujua gae lina kazi nyingine.

Cha nne kina mkono mnene, kimeinamia kushoto,
bluu yake imechuruzika nisipotaka.
Tunu, binti yangu, hukinywea maziwa ya moto,
hukiweka ukingoni kabisa mwa meza
akichora farasi wake wenye miguu mitano.
Kiwiko chake kinapita karibu,
kinapita tena.

Nimekaa mkabala naye.
Sikisogezi.